Mafindofindo ya Tarishi

Nyumba ile ilikuwa na mafundi wawili na mbwa mmoja, na aliyechoka kuliko wote alikuwa mbwa. Mume alikuwa fundi wa kuvika makochi vitambaa, watu wakimwita Mzee Sofa. Mke alikuwa fundi cherehani, na jina lake la mtaani lilikuwa Bi Sindano, kwa kazi yake na, wasemao kweli walisema, kwa ulimi wake pia. Mume alifanya kazi chumba cha mbele, mke chumba cha nyuma, na kati yao palikuwa na ujia mwembamba ambao mbwa aliupita mara nyingi mno kwa siku, hata sakafu yake ikang'aa mstari mmoja.

Mbwa huyo aliitwa Tarishi. Hakuanza na jina hilo. Alipachikwa na msusi jirani baada ya kuiona kazi yake, nalo likamganda. Maana mke na mume wale, yapata mwaka sasa, walikuwa hawasemezani. Msidhani nyumba ilikuwa kimya, hapana. Waliongea kutwa, ila waliongea na mbwa.

"Tarishi, mwambie mwenye nyumba chai iko mezani."

Mbwa akisikia "mwambie" huinuka, hupita ujia, husimama mlangoni kwa yule wa pili na kubweka mara moja. Yule wa pili maneno alishayasikia vizuri kabisa, kwani kuta zenyewe mbao. Lakini hungoja mbwa afike kwanza, ndipo ajibu: "Tarishi, mwambie nimesikia." Mbwa hurudi alikotoka na kubweka tena. Hapo ujumbe umefika, na kila mtu amebaki na heshima yake mkononi.

Chanzo kilikuwa msiba. Siku alipozikwa mama mzazi wa Bi Sindano, Mzee Sofa alikuwa anamalizia viti vya ukumbi wa mikutano, kazi ya watu wenye haraka. Alimwambia mkewe, "Tangulia, nakuja." Mke akatangulia. Alisimama makaburini akiitazama njia mpaka shingo ikamuuma. Udongo ukarudishiwa, na watu wakaanza kuulizana chini kwa chini, mkwe yuko wapi? Swali lile lilimchoma vibaya sana. Alilala kwao, na kesho yake aliporudi nyumbani alimkuta mumewe amekaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, mikono magotini. Mume akafungua mdomo. Mke hakumpa nafasi, akamgeukia mbwa.

"Mwambie huyo asinisemeshe."

Basi. Je, alitaka amri ile ikae mwaka mzima? Hata kidogo. Alitaka mumewe aivunje siku ileile, apige magoti, alie, afanye lolote. Lakini Mzee Sofa alikuwa mtu wa kutii anachoambiwa, na watu wa namna hiyo, Mwenyezi Mungu atusamehe, wakati mwingine ni adhabu tupu. Alitii. Na mke, aliyeitoa amri, hakujua pa kuirudishia.

Sasa asubuhi moja Bi Sindano alimtuma Tarishi akaseme kwamba mwenye kochi la kijani yuko mlangoni. Mbwa aliinuka kwa uzito, akapita ujia, akafika, akafungua mdomo. Badala ya kubweka alikohoa. Akakohoa tena, akainamisha kichwa, akajikamua kama anayetaka kutapika, na kikatoka kipovu cheupe tu. Kisha akameza, akameza tena, huku analamba midomo na kupepesa macho. Chakula chake cha asubuhi kilikuwa bado kiko kwenye bakuli, hakijaguswa.

Bi Sindano akakumbuka jambo. Pini! Alikuwa na tabia ya kubana pini midomoni wakati wa kupima nguo, na jana yake alipiga chafya, pini zikamwagika chini. Aliziokota zote. Au alidhani zote. Akatazama kikopo cha pini, kisha akamtazama mbwa, na akajua, kwa uhakika ule wa mtu mwenye hatia, kwamba moja iko kooni kwa Tarishi na yeye ndiye aliyeiweka.

Je, alimwambia mumewe? Kwa njia gani? Amtume nani, Tarishi mwenyewe, akajisemee kwamba nimemuua? Akafanya anachofanya mtu wa kawaida akikwamwa na mwiba wa samaki. Alikwenda jikoni, akakata mkate mkavu vipande, akampanua mbwa taya na kumsukumizia kimoja baada ya kingine, akinong'ona, "Meza, baba, meza ishuke." Mbwa alimeza huku machozi yanamtoka. Alipomaliza alikwenda kujilaza ujiani na hakutaka kuguswa.

Mchana Bi Sindano alipopita hapo aliona makombo ya mkate karibu na mlango wa mumewe. Akashangaa kidogo, kwani yeye alimlishia jikoni. Lakini mwenye siri yake haulizi ya mwenzake. Akayafagia.

Kufikia jioni mbwa alikuwa hata maji hayataki. Aliyasogelea, akanusa, akapiga ulimi mara moja, akaruka nyuma kama ameungua. Mate yakawa yanamtiririka. Msusi jirani akachungulia kwa juu ya ukuta, chanuo kichwani.

"Shoga! Huyo ana kichaa. Huoni povu? Mfungeni kamba muwaite watu waje wammalize kabla hajatumaliza sisi."

"Amechanjwa," alisema Bi Sindano. "Wewe je?"

Msusi akarudisha kichwa. Ila neno lilikuwa limekwisha kutoka, na mtaa una masikio. Bi Sindano alijua kwamba ikifika kesho na mbwa bado anatoa povu, kutakuwa na mtu na rungu. Akajifunga mtandio aende kumwita daktari wa mifugo. Alipofika ujiani alimkuta Mzee Sofa amekwishambeba Tarishi mikononi, anaelekea mlangoni. Hakusema kitu, kwa kuwa aliyezoea kumtuma ndiye huyo aliyebebwa. Wakaongozana, mume mbele na mzigo wake, mke nyuma na pochi yake, mithili ya watu wasiojuana waliokutana njia moja.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya mpira na mikono isiyo na mchezo. Chumba chake kilikuwa na meza ya bati, mzani mkubwa sakafuni na harufu kali ya dawa ya kusafishia. Alimpima mbwa joto akaguna. Alimpapasa chini ya taya, huku na huku, akaguna tena.

"Kwani kameza nini?"

"Pini," alisema Bi Sindano.

"Msumari," alisema Mzee Sofa, kwa sauti moja na mkewe.

Wakageukiana. Bi Sindano alikuwa amesahau kwamba fundi makochi naye hubana misumari midomoni, ile midogo yenye kichwa bapa, na kuitoa mmojammoja kwa ulimi. Kumbe na yeye jana alipoteza mmoja. Kumbe na yeye kutwa nzima alikuwa anakufa peke yake kule mbele. Bi Sindano akayaondoa macho upesi, akayatua kwenye mzani.

"Mmoja ashike taya la juu, mwingine la chini," alisema daktari akiwasha tochi. "Msitetemeke. Haya, chungulieni wenyewe."

Wakachungulia. Kule nyuma ya ulimi, kila upande, palikuwa na kinundu chekundu kimetokeza nje ya mfuko wake, kimevimba, kina vidoa vyeupe. Pini hamna. Msumari hamna.

"Mafindofindo," alisema daktari.

"Mbwa?" aliuliza Bi Sindano.

"Kwani mbwa hana koo? Anayo mafindo kama wewe, na yanavimba kama yako. Tazama na meno yake, ukoga umekuwa jiwe. Vijidudu vinashuka kutoka hapa mpaka kule. Akipona mumlete nimsafishe meno, la sivyo tutaonana kila msimu." Akasogeza tochi. "Ila hapa pamekwaruzwa. Koo limevimba hivi, halafu mtu kamsukumizia kitu kikavu. Nani?"

Mzee Sofa alitazama dari. Bi Sindano naye aliitazama, na ilikuwa dari ya kawaida tu. Mkate wa watu wawili, alifikiri, mnyonge wa Mungu kalishwa mkate wa watu wawili! Alitamani kucheka na alitamani kulia, akachagua kufunga pochi vizuri.

Daktari alimchoma mbwa sindano ya kushusha homa na maumivu, akawapa vidonge na maelekezo. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, mpaka kopo liishe, hata kama mbwa ataonekana mzima. Chakula laini, cha uvuguvugu, kidogokidogo. Mifupa marufuku. Dawa za watu za maumivu marufuku kabisa, zinaua. Akienda kujisaidia asivutwe kwa mkanda wa shingoni.

"Na asibweke," alimalizia. "Koo lipumzike. Mwekeni mahali ambapo hana cha kubwekea."

Mke na mume wakatazama sakafu.

Hapo ndipo nyumba ile iliponyamaza kikweli. Tarishi alilala kwenye kipande cha godoro ujiani, na hakuna aliyethubutu kutamka "mwambie", kwa sababu mbwa mwenyewe, kwa homa yake, angeinuka. Bi Sindano aliweka chai mezani, ikapoa. Mume alijua chakula kiko tayari kwa kusikia sahani, na kama hakusikia alishinda na njaa. Wateja walisimama mlangoni bila mtu kumjulisha mwenzake. Msusi jirani alisema hajawahi kusikia nyumba iliyonyamaza hivyo isipokuwa iliyohamwa.

Kopo la vidonge liliwekwa kwenye rafu ya ujiani, juu ya mtungi wa maji. Asubuhi ya kwanza Bi Sindano alisaga kidonge, akakichanganya na uji laini, mbwa akalamba. Jioni vivyo hivyo. Kesho yake vivyo hivyo, na ingawa mbwa alitapika kidogo, alikuwa anaonekana na nafuu, amenyanyua mkia, amekunywa maji. Lakini Bi Sindano alipofungua kopo aliona vidonge vimepungua kuliko anavyovitoa yeye. Akasimama na kopo mkononi, akaelewa. Kumbe naye anampa! Ndiyo maana mbwa katapika, anapewa maradufu.

Sasa mtu mwingine angepita ujia, hatua chache, akasema, "Bwana, mimi ninampa, wewe acha." Maneno machache, wala hayana miiba. Bi Sindano hakupita. Alirudisha kopo rafuni, akajiambia, haya, mwachie yeye, si kajipa kazi? Tangu hapo hakuchungulia tena kopo lile, maana kuchungulia ni kukagua, na kukagua ni kuanza maneno. Alipika uji, akautia bakuli, akaliacha hapo karibu na rafu, amalizie mwenyewe aliyejipa udaktari.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema kitu kuhusu mbwa wa wategemeao wawili, na walipaswa kusema.

Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Tarishi alitembea uani, akala uji wake, akatikisa mkia kwa kila mtu kwa zamu. Bi Sindano alikuwa na furaha iliyochanganyika na wivu kidogo: yule bwana kumbe anajua kuuguza. Akamwona, kwa mlango ulio wazi, anamkuna mbwa kichwa kwa kidole kimoja chenye gundi. Moyo ukataka kulainika. Akaukaza.

Kisha asubuhi moja alimkuta mbwa amelala amenyoosha shingo mbele, mdomo wazi, mate yanachuruzika. Masikio yalikuwa ya moto. Chini ya taya, upande mmoja, palikuwa pametuna. Alimsogezea maji; mbwa aliyatazama tu. Alimwita kwa jina. Mkia uliinuka kidogo ukaanguka.

Bi Sindano alikimbia mpaka mlango wa chumba cha mbele. Alikuwa hajakanyaga hapo mwaka mzima. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, misumari midomoni, nyundo mkononi. Bi Sindano alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Alisimama tu pale anahema, akionyesha ujiani kwa kidole. Mzee Sofa alimtazama uso mara moja, akatema misumari kiganjani, akapita kando yake kwenda kumbeba mbwa.

Daktari hakuguna safari hii. Alipima joto, akabonyeza pale palipotuna, mbwa akalia kwa sauti nyembamba.

"Usaha. Umejikusanya nyuma ya findo. Hii haikupaswa kutokea. Vidonge mmemaliza?"

Bi Sindano alitoa kopo kwenye pochi. Alilinyakua rafuni wakati wa kutoka bila kulitazama. Daktari alilitikisa, nalo likalia kama kayamba. Akalifungua, akachungulia, akawatazama wote wawili kwa zamu.

"Nani anampa mbwa huyu dawa?"

Kila mmoja alimngoja mwenzake ajibu.

"Mama, nimeuliza."

"Nilijua anampa... mwenyewe hapa."

"Baba?"

Mzee Sofa alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mimi niliona vinapungua haraka. Nikajua kuna anayempa. Nikaacha, asije akazidishiwa."

Bi Sindano aligeuka. Hakufikiri, hakupanga, wala hakukumbuka kwamba yupo kwenye mgomo.

"Hukumpa?"

Mume alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Akamtazama daktari, akamtazama mbwa, akatafuta wa kumpitishia jibu. Hapakuwa na mtu.

"Wewe hukumpa?" alisema hatimaye.

"Mimi niliona vinapungua nikajua unampa wewe!"

"Na mimi ndivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu alipotapika."

"Hata mimi tangu alipotapika!"

Daktari aliweka kopo mezani taratibu. "Samahani wazee wangu. Nyinyi mnaishi nyumba moja?"

Swali lile halikuwa la dharau. Alitaka kujua kweli, na ndiyo maana liliuma. Bi Sindano aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Kwa mwaka mzima alikuwa ameihesabu aibu ya mumewe peke yake.

"Dawa ikikatizwa njiani," daktari aliendelea huku akivaa glavu, "ugonjwa haufi, unakasirika. Nitautoa huu usaha, nitamwekea maji mwilini, mtaondoka naye jioni na dawa nyingine kali zaidi. Hii haitaki kuchanganywa na uji, lazima aimeze nzima, na kummezesha ni kazi ya watu wawili. Kila mkimpa, semeni. Kwa mdomo. 'Nimempa.' Mwenzako ajibu, 'Nimesikia.' Na niwaambie ukweli: kama kesho jioni atakuwa bado hanywi maji mwenyewe, mimi sitakuwa na la kuwafanyia. Mwili wake umechoka."

Jioni waliketi sakafuni ujiani, mbwa katikati. Mzee Sofa alikuwa ametandika sponji mpya, ya kochi la mteja, na mke aliiona akanyamaza, kisha akakumbuka kwamba kunyamaza ndiko kulikowafikisha hapa.

"Sponji ya mteja hiyo."

"Atangoja."

"Haya. Mshike."

"Nimemshika."

"Inua taya. Si hivyo, utamnyonga. Shika nyuma ya meno makubwa."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Usiachie." Akatia kidonge mbali kwenye shina la ulimi, akafumba mdomo wa mbwa. "Sasa msugue koo. Polepole. Kwenda chini."

Mkono wa mume, mgumu kwa kamba na mbao za viti, uliteremka kooni kwa mbwa taratibu. Wote wawili walitulia wakisubiri. Mbwa akameza.

"Nimempa," alisema Bi Sindano.

"Nimesikia," alisema Mzee Sofa.

Kesho yake maji yaliwekwa mbele ya Tarishi tangu alfajiri. Hakuyataka. Walijaribu ya baridi, walijaribu ya uvuguvugu, walijaribu mchuzi wa nyama usio na chumvi. Hakuna aliyefanya kazi siku ile. Bi Sindano aliuma kucha, jambo ambalo mama yake alimkataza tangu mdogo. Mzee Sofa alichovya kidole kwenye mchuzi akampaka mbwa midomoni, akasubiri, akampaka tena, bila kuchoka, jinsi anavyopaka gundi ukingoni mwa kitambaa. Hofu ilikuwa imewakaa wote wawili na hakuna aliyejifanya haipo.

"Akifa," alisema Bi Sindano, "tumemuua sisi."

"Ndiyo," alisema mumewe.

Alimshukuru kwa jibu lile. Mtu mwingine angemwambia usiseme hivyo.

Jua lilikuwa linataka kushuka Tarishi alipotoa ulimi, akajilamba midomo, akakilamba kidole. Kisha akaburura shingo mpaka kwenye bakuli na kuanza kunywa. Alikunywa kwa vituo, akikunja uso kila akimeza, lakini alikunywa. Bi Sindano alimpiga mumewe kofi la begani kwa furaha, kofi la nguvu, na mumewe akasema "Aa!" na wote wakajifanya halikutokea.

Kuanzia hapo maneno yakawa yanapenya. Kwanza yalikuwa ya dawa tu: mshike, nimempa, nimesikia. Yakafuata ya uji: umepoa, bado, ongeza maji. Kisha siku moja Mzee Sofa akasema chumvi ya mchuzi wa watu imezidi, na Bi Sindano akamwambia basi akale kwa mbwa, na ikawa wanabishana kuhusu chumvi kwa sauti za kawaida kabisa. Msusi jirani alitokeza kichwa juu ya ukuta, akasikiliza, akaondoka kwenda kutangaza.

Uvimbe uliisha. Mbwa alianza kula vitu vya kutafuna, akazunguka uani, akamkimbiza kuku wa watu. Na kadiri alivyopona, Bi Sindano alizidi kukosa raha. Alikuwa akilitikisa kopo kila asubuhi na kusikia sauti yake inavyopwaya. Haya sasa ni mambo ya aibu kuyasema, lakini ndivyo yalivyokuwa: mwanamke yule, aliyemlilia mbwa kwa machozi, alianza kuombea ugonjwa usiishe upesi. Alijua wanaloongea ni dawa. Dawa ikiisha, wataongea nini? Kila mmoja atarudi chumbani kwake, na njia ya ujiani bado ipo.

Kidonge cha mwisho walimmezesha alasiri moja. Siku hizo Tarishi alishazoea, alifungua mdomo mwenyewe kabla hajaguswa. Mume alimsugua koo, ingawa haikuwa lazima tena. Mbwa akajinyoosha, akatoka zake nje kujitafutia kivuli.

Walibaki wawili sakafuni. Mzee Sofa alilipindua kopo kiganjani, likatoa vumbi tu.

"Dawa imeisha," alisema.

"Nimesikia."

Hakuinuka. Alilizungusha kopo tupu vidoleni, akalitazama kwa muda.

"Kesho tutasemezana nini?"

 Bi Sindano angeweza kusema, tutasema ya chumvi. Ingetosha kwa kesho, labda hata na kesho kutwa.

"Kesho," alisema, "utaniambia kwa nini hukuja kumzika mama yangu."

"Nilikuja."

"Usinifanye mtoto mdogo. Nilisimama pale nikikungoja mbele ya watu."

"Nilichelewa. Nilidhani viti vitakwisha niwahi, havikuisha. Nikaviacha, nikaja mbio. Nilikuta mmeshaondoka wote." Alikuwa anaongea na kopo. "Lile jiwe la kichwani lilikuwa limelala ubavu. Udongo mbichi haukulishika. Nikalisimamisha, nikalishindilia kwa viatu mpaka likakaa. Nikakaa naye mpaka giza."

Bi Sindano alilijua jiwe lile. Asubuhi ya pili ya mazishi, kabla ya kurudi kwake, alipita makaburini. Jiwe aliliacha limeinama na akalikuta limesimama wima, limeshindiliwa vizuri, kazi ya mtu mwenye subira. Alimwendea kaka yake akamwambia, Mungu akulipe kwa ajili ya jiwe la mama. Na kaka yake alisema, ni wajibu wangu, dada. Kaka yake! Alipokea shukrani kichwa kimeinama, na mwaka mzima yeye Bi Sindano alikuwa anamshonea mashati bure.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisikusemeshe."

"Mwaka mzima! Mwaka mzima mbwa anapita hapa, anakuletea habari za chai, anakuletea habari za wateja, wewe huna neno la kunirudishia?"

"Lile halikuwa neno la kumtuma mbwa," alisema Mzee Sofa.

Hasira ilimpanda Bi Sindano kuliko ile ya siku ya mazishi. Alimkasirikia mumewe kwa utiifu wake wa kipumbavu, akamkasirikia kaka yake, akajikasirikia mwenyewe zaidi ya wote.

"Hata hivyo ulichelewa!"

"Nilichelewa. Sikatai."

"Kuchelewa na kutokuja, kwa maiti ni kitu kimoja."

"Kwa maiti, ndiyo."

Alikuwa na jibu. Wanawake wa ukoo wao hawajawahi kukosa jibu. Lakini mdomo ulipofunguka, kilichotoka kilikuwa kilio, na hakikuwa cha mumewe wala cha mbwa. Alikuwa hajamlilia mama yake. Siku ya mazishi alikuwa anaitazama njia, na baada ya hapo alikuwa na kazi ya kununa, kazi isiyo na mapumziko. Sasa alimlilia, kwa sauti, sakafuni, mtandio ukiwa umedondoka begani, akimwita mama, mama, kama aliyepewa habari saa ileile. Mzee Sofa alisogea akaweka mkono mgongoni kwake. Alilia mpaka msusi jirani akafunga dirisha lake, na mumewe hakumwambia anyamaze.